Hita inanguruma, sefti inachuruzika, na fundi kaiziba

Swali nimelifupisha maana lilikuwa refu. Dada mmoja wa Bagamoyo, upande wa Kaole, ana nyumba ya wageni ya vyumba sita, kaandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina hita mbili za umeme za lita 80, kila moja inahudumia vyumba vitatu. Maji ni ya kisima changu, yanapandishwa kwenye simtanki juu ya mnara. Hita ya kwanza ilianza kuvuja chini baada ya miezi 14, fundi akabadilisha elementi, ile koili ya kupashia maji, lakini ikaendelea kuvuja. Hii ya pili saivi ikiwashwa inanguruma na kupasukapasuka kama bisi, na ile valvu ya chini ilikuwa inadondosha maji kila siku mpaka ukuta ukaota kuvu, fundi kaiziba kwa plagi. Kaka yangu yuko Manchester anasema kule boila ya nyumba inafanyiwa servis kila mwaka, anashangaa mie sijawahi kufanya hata siku moja. Je na mie nifanye kila mwaka? Na kwanini luku inakwenda mbio hivi?"

Marahaba dada yangu. Kabla hujaendelea kusoma, simama nenda kazime breka ya hiyo hita yenye plagi. Nitakusubiri. Usiiwashe tena mpaka ile plagi itoke, hata kama kuna mgeni analalamika, mchemshie maji ya ndoo jikoni.

Haya. Sasa nikueleze kwanini nimekuwa mkali. Maji yakipata moto yanatanuka, si sana lakini yanatanuka. Lita 80 zikitoka kwenye joto la 27, ambalo ndo joto la kawaida la maji yetu huku pwani, mpaka 65 hivi, zinaongezeka kama lita moja na robo. Hiyo lita moja na robo lazima iende mahali. Kwenye maji baridi haiwezi kurudi kwa sababu ndani ya sefti yenyewe, ndo hiyo valvu ya chini aliyoiziba fundi wako, kuna kijivalvu kinachozuia maji kurudi nyuma, na kwenye maji ya moto koki zote zimefungwa. Kwa hiyo presha inapanda mpaka sefti inafunguka kidogo na kutoa matone. Soma ubavuni pake utaona imeandikwa, nyingi za majumbani ni bar 7 au 8 (bar ni kipimo cha presha). Yaani yale matone yaliyokuudhi ndo sefti inafanya kazi yake! Haikuwa imeharibika. Ilichokosa ni kijibomba tu cha kupeleka matone nje au kwenye mfereji wa bafuni, mpira wa shilingi elfu chache, ukuta usingeota kuvu.

Ukiiziba, kila siku hita inapopata moto tanki linavimba na kusinyaa, linavimba na kusinyaa, ile rangi ngumu ya ndani inayofanana na ya masufuria ya enameli inaanza kupata nyufa, na kutu inaingia hapo. Hilo ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni siku thermostati ikigoma kukata umeme na kile kikata-joto cha dharura nacho kikagoma, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha, halafu tanki likipasuka sehemu ya yale maji inageuka mvuke kwa mkupuo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,500. Hata zikigeuka lita chache tu kati ya zile 80, piga mwenyewe hesabu. Ukuta hausimami, paa halisimami.

Mie nimeshakuta hapa Tanga, nyumba moja Raskazone, sefti imezibwa kwa kijiti kilichochongwa na kufungwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, kazi safi kabisa imekazwa kama ngalawa, na mwenye nyumba ananionesha kwa fahari kwamba aliokoa pesa. Nilitoka nje nikakata umeme kwenye mita kabisa kabla sijarudi kumjibu.

Kuna udondoshaji ambao ni ugonjwa kweli, na kuutambua ni rahisi. Zima hita usiku kucha. Asubuhi, kabla hujaiwasha, angalia. Kama imeacha kudondosha ni mzima, ilikuwa ni kutanuka tu. Kama inadondosha hata ikiwa baridi, kuna mchanga au chokaa imekaa kwenye kiti chake, pale sefti inapojifungia. Mnara wako tuseme una mita sita, hiyo presha ni kama bar 0.6 tu, haiwezi kufungua sefti ya bar 8 hata ikijitahidi, kwa hiyo ni uchafu. Nyanyua kale kamkono kake mara mbili tatu maji yatoke kwa nguvu yasombe uchafu, angalia mkono usiungue. Isipokubali nunua mpya, si kitu cha kulilia. Na kama inatoa maji ya moto mengi na mvuke, usiguse kitu, kata umeme, acha ipoe, thermostati imekufa hiyo.

Sasa twende kwa kaka yako, maana hapo ndo penye swali lenyewe. Anachosema ni kweli kabisa kwa kule kwake. Boila ya Uingereza mara nyingi inachoma gesi ndani ya nyumba, na gesi ikiungua vibaya inatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu wamelala. Ndo maana anayeigusa lazima awe kwenye rejista yao inaitwa Gas Safe, na mwenye nyumba ya kupangisha analazimishwa na sheria mitambo ya gesi ikaguliwe kila mwaka. Halafu ile boila haipashi maji ya kuoga tu. Inazungusha maji ya moto kwenye mabomba mpaka kwenye vyuma vya ukutani, radieta, vinavyopasha vyumba wakati wa baridi, na maji yale ni yaleyale yanazunguka miaka na miaka. Wanaangalia geji isome bar 1 mpaka 1.5 ikiwa baridi, wanatoa hewa kwenye radieta kwa kifunguo kidogo pale juu yake panapokuwa pa baridi, wanaweka dawa ya kuzuia kutu, maana kutu ya ndani inageuka tope jeusi linaloziba kila kitu, na wengine wanafunga kichujio cha sumaku cha kulinasa. Kipindi cha barafu kuna kijibomba cha nje kinaganda na boila inazima, asubuhi watu wanakimwagia maji ya uvuguvugu.

Umeona? Adui yake ni moshi, kutu na barafu. Wewe huna hata kimoja katika hivyo zaidi ya kutu. Na kuna kitu kaka yako hakijui kwa sababu hakijawahi kumgusa: Manchester maji yao ni ya milimani, laini, sabuni kidogo tu povu hilo. Angekuwa London angeongea mengine, maji ya London yanapita kwenye miamba ya chokaa na mabirika yao yanaota ukoko mweupe kama ya kwako.

Kwa hiyo jibu langu: hita yako haifi kwa sababu umeruka mwaka. Inauawa na maji unayoipa. Kalenda ya servis ifuate maji, na kwa maji ya kisima cha karibu na bahari mwaka ni mbali mno.

Nikupe mfano wa hapahapa kwetu. Wateja wangu wa Ngamiani na Chumbageni wanaotumia maji ya Tanga UWASA, yanayotoka Mto Zigi kwenye bwawa la Mabayani, mto umeshuka huko Usambara Mashariki Amani, nikifungua hita zao baada ya miaka miwili nakuta utando mwembamba unafuta kwa kitambaa. Nikienda upande wa Pongwe kwa mtu mwenye kisima, hita ya aina ileile, umri uleule, nachota chokaa kwa bakuli. Si ajabu, Pongwe ndo kiwanda cha saruji kilipo na saruji inatengenezwa na hayohayo mawe ya chokaa. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni akaona yale mawe yananing'inia kama mishumaa, basi ni kitu hichohicho, maji yamebeba chokaa yakaiacha tone kwa tone. Kule imechukua maelfu ya miaka, kwenye hita yako inachukua miezi kwa sababu moto unaiharakisha. Maji magumu yakipashwa, chokaa iliyokuwa imeyeyuka inashindwa kukaa ndani ya maji inaganda, na inaganda zaidi pale penye moto mkali kupita pote, juu ya elementi.

Na kule kwako Kaole nako mawe ya matumbawe yapo, yale magofu yenyewe yamejengwa kwa mawe hayo. Ongeza na chumvi ya bahari inayopenya kwenye kisima hasa ukivuta maji mengi kiangazi. Chokaa na chumvi pamoja, hapo hita ina maadui wawili wanaofanya kazi tofauti.

Chokaa ndo inayonguruma. Imejenga ganda juu ya elementi, maji yanajipenyeza chini ya ganda, yanachemka palepale wakati maji mengine bado vuguvugu, yanapasuka yanatoka, ndo hiyo bisi unayoisikia. Elementi ndani ya ganda haipoi, inajiunguza yenyewe, siku moja inakatika au inapasuka gamba na kuanza kuvujisha umeme kwenye maji. Kama wageni wamewahi kusema wanahisi kuwashwawashwa wakishika bomba, usicheke, usiseme ni usingizi. Kaangalie arthi yako na kama una breka ile ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kama huna, nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote nilichokitaja humu, ukitoa ile plagi.

Chumvi ndo iliyotoboa hita ya kwanza. Ndani ya tanki kuna fimbo ya magineziamu, mafundi tunaita anodi, kazi yake ni kuliwa. Kutu inaila yenyewe badala ya kulila tanki. Ikiisha, kutu inahamia kwenye chuma pale rangi ya ndani ilipochubuka, na maji ya chumvi yanaimaliza haraka sana kuliko kitabu kinavyosema. Miezi 14 sishangai hata kidogo. Fundi wako kukubadilishia elementi wakati tanki limetoboka ni sawa na kumvisha viatu vipya mtu aliyevunjika mguu, sitaki kumsema vibaya ila pesa ile imepotea. Siku nyingine angalia maji yanayovuja yanatoka wapi. Yakitokea kwenye duara la elementi, pale penye boliti, ni gasketi, elfu chache umemaliza. Yakitoka kwenye bati la nje pembeni yana rangi ya chai, tanki la ndani limekwisha, halizibiki, halichomelewi, usimruhusu mtu akudanganye.

Hiyo iliyobaki inaweza kupona. Mwite fundi, simama naye, afanye hivi. Azime breka na apime kwa tesita kwamba umeme umekata kweli. Afunge geti valvu ya maji baridi, afungue koki ya moto bafuni ili hewa iingie, amwage maji yote kwa mpira. Apige picha ya nyaya kwa simu kabla hajazifungua (hii wengi wanaidharau halafu wanaanza kubahatisha). Afungue duara la elementi, atoe na anodi, kwenye hita nyingi za aina hii viko pamoja. Chokaa ya ndani aitoe kwa mkono na kipande cha mti au plastiki, ASIPIGE na patasi wala bisibisi, akichubua ile enameli kesho kutu inaanzia hapo. Elementi kama bado nzima ailoweke kwenye maji ya moto yenye asidi ya ndimu ya unga, ile wanayouza maduka ya vifaa vya kutengenezea sabuni na juisi, gramu 50 mpaka 100 kwa lita, itatoa mapovu na ganda litalegea. Siki nyeupe nayo inafaa ila uvumilie muda mrefu. Maji ya betri hapana, dawa ya kusafishia choo hapana, nimeona watu wanatumia na elementi inatoka inang'aa kweli, baada ya mwezi imetoboka kama chujio.

Anodi ikiwa imeliwa zaidi ya nusu, au unaona waya wa katikati, weka mpya. Gasketi weka mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Sefti mpya, bila plagi, na kijibomba chake kisicho na koki wala kizibo kinachoteremka hadi nje. Kisha afungue maji na asubiri mpaka koki ya moto bafuni itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa, ndo awashe umeme. Elementi ikiwashwa tanki tupu inaungua hata dakika hazifiki nyingi. Mie mwenyewe nimeshaunguza moja nikiwa kijana, nilikuwa napiga stori na mteja, nililipa kwa mfuko wangu na bosi hakunipa hata nauli ya kurudi Makorora.

Elementi usinunue ile ya bei ya chini kabisa pale dukani, hizo ni za waja leo waondoka leo. Uliza inayovumilia maji ya chumvi, muuzaji anayejua kazi atakuelewa.

Baada ya hapo ifungue tena ikifika miezi sita. Utakachokikuta ndo kikupe ratiba: fimbo imeliwa robo tu, nenda mwaka. Imeliwa nusu, baki miezi sita. Imeisha, miezi mitatu minne, na hapo ujue tatizo si hita tena bali kisima. Kila mwezi wewe mwenyewe nyanyua kale kamkono ka sefti mara moja kasigande. Ukisikia harufu ya yai viza kwenye maji ya moto tu, usiogope mashetani, ni vijidudu vya kwenye maji ya kisima vinacheza na ile fimbo, pandisha joto mpaka 65 kwa saa kadhaa halafu mwaga yote.

Dawa ya kweli kabisa ni kubadilisha maji ya hita peke yake. Huna haja ya kubadilisha ya nyumba nzima, choo na bustani viendelee na kisima. Kama bomba la DAWASA linafika kwako, weka simtanki dogo lake la kulisha hita mbili tu, mtambo wao wa kusafisha maji wa Ruvu Chini si uko hukohuko Bagamoyo, maji ya mto ni laini kuliko ya kwako mara nyingi sana. Au vuna ya mvua ya masika. Kutaka kujua tofauti mwaga kijiko cha maji ya kisima na kijiko cha mvua kwenye kipande cha kioo uanike juani, ule utando mweupe utakaobaki ndo unaouchemsha kila siku. Hata chai ya maji hayo, samahani dada, haina raha.

Luku sasa. Watu watakwambia chokaa ndo inakula umeme. Kwenye boila ya gesi ya kaka yako ni kweli, joto likikosa njia linatoka na moshi. Kwenye hita ya umeme elementi iko ndani ya maji, joto lote linaishia humohumo, chokaa itachelewesha na itaua elementi lakini haiongezi unit nyingi. Kinachokula luku ni kuiacha inawaka saa 24. Kupasha lita 80 kutoka 27 mpaka 60 ni kama unit 3, kwa elementi ya kilowati 1.5 ni saa mbili hivi. Ikikaa moto usiku na mchana bila mtu kuoga inapoteza karibu unit moja, pengine na zaidi, bure, mara hita mbili, mara siku 30. Nunua taimer, iwake alfajiri na jioni. Na hizo lita 80 za nyuzi 60 ukizichanganya na baridi zinakupa kama lita 200 za kuoga, watu watatu mpaka wanne bila kugombana.

Joto liache 60. Ukipandisha 75 chokaa inaganda zaidi na mtoto ataungua upesi zaidi. Ukishusha 45 kuokoa umeme unafuga bakteria wa Legionella, wale walioua watu hotelini Philadelphia mwaka 1976, wao wanapenda maji ya vuguvugu kati ya 20 na 45 yaliyotuama, na 60 inawaua. Vyumba vikikaa wiki kadhaa bila wageni, pasha mpaka 60, fungua madirisha, achia maji ya moto kwenye kila bafu dakika kadhaa kabla ya kumkaribisha mtu.

Ukishaifungua hita nitumie picha ya fimbo na ya lile ganda nikwambie ni miezi mingapi. Na ile plagi usiitupe, mpe fundi wako mkononi, mwambie akafunge bomba la bustani.